Kifua kilichobaki baada ya TB: kutoa makohozi bila kujichosha

TB imetibiwa, makohozi yamepimwa na hayana vimelea, kadi ya dawa imefungwa, na bado kila asubuhi unakohoa mpaka machozi yanatoka. Hali hiyo inawapata wengi, na siku ya kumaliza dozi mara nyingi hakuna anayeitaja. Dawa za miezi sita kazi yake ni kuua vimelea. Pale ugonjwa ulipokaa hubaki makovu, mashimo, na njia za hewa zilizotanuka na kulegea. Hali hiyo ya njia kutanuka wataalamu huiita bronkiektasia. Njia ya hewa iliyo nzima ina vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma ute kwenda kooni usiku na mchana bila mwenyewe kujua. Iliyotanuka imepoteza vinyweleo vyake. Ute unatuama, bakteria wanazaliana humo, mwili unapambana nao, na katika mapambano hayo ukuta wa njia unazidi kulegea. Antibiotiki hutuliza mambo yakishawaka. Kuzuia yasiwake ni kazi ya pumzi, mkao na miguu, na sisi tunaoishi na vifua hivi tumejifunza kwamba kazi hiyo haina likizo.

Huku Kaskazini mwa Tanzania watu wa namna hii ni wengi. Kibong'oto, kule Siha, imekuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua tangu miaka ya 1920, na hadi leo inapokea wachimbaji kutoka migodi ya tanzanite ya Mirerani wenye vumbi la mwamba mapafuni. Vumbi hilo huharibu pafu lenyewe, na juu yake huirahisishia TB kuingia. Kwa mwenye silikosisi, yaani ugonjwa wa pafu uletwao na vumbi hilo, niseme mapema: hakuna zoezi litakalotoa vumbi lililokwisha kuzama kwenye nyama ya pafu. Yaliyomo humu yatamsaidia upande wa makohozi na nguvu za kutembea tu, na kuacha kupiga drili kunampa faida kubwa kuliko yote haya yakiwekwa pamoja.

Tuanze na kukohoa, maana hapo ndipo nguvu nyingi zinapotea bure. Mtu anaona makohozi yamekwama, basi anajikaza na kukohoa mfululizo. Njia za hewa zilizolegea hazivumilii msukumo huo. Zinajibana na kufunga kabla makohozi hayajapita. Matokeo yake ni jasho, mbavu kuuma, kichwa kugonga, kwa akina mama wengi mkojo kuponyoka, na kilichotoka ni kidogo. Nyumbani wanakuambia "jikaze, kitoe chote". Ushauri huo una nia njema, lakini ufuate nusu tu: kitoe, usijikaze. Hewa inatakiwa ipite kwanza hadi nyuma ya makohozi, ndipo iyasukume kuja juu.

Namna ya kufanya ni hii. Kaa kwenye kiti kigumu, nyayo ziguse sakafu, mabega yashuke. Weka kiganja tumboni, chini kidogo ya mbavu, uvute pumzi ndogo kwa pua hadi kiganja kiinuke, kisha iache itoke yenyewe. Endelea hivyo kama dakika moja. Hiyo ndiyo pumzi ya kupumzikia, na utairudia mara nyingi. Sasa vuta pumzi ndefu kwa pua, usikie mbavu za pembeni zinatanuka, ishike sekunde tatu, iachie bila kuisukuma. Fanya tatu au nne, si zaidi. Zikizidi kichwa huzunguka na vidole hupata ganzi. Ile kushika sekunde tatu usiiruke hata ukiwa na haraka, kwa sababu huo ndio muda hewa inaotumia kupenya kwenye vijia vya pembeni na kufika nyuma ya ute. Rudi kwenye pumzi ya kupumzikia. Kisha fungua mdomo uwe duara, koo likiwa wazi, na upulize "haaa" kama mtu anayetia mvuke kwenye kioo ili akifute.

Upulizaji huo una namna mbili, na wengi wanafundishwa moja. Makohozi yaliyo chini yanataka pumzi ya wastani iliyopulizwa kwa muda mrefu, tumbo likikaza kidogo mwishoni. Yakishafika juu, unapoyasikia yakikoroma karibu na koo, yanataka pumzi ndefu iliyopulizwa kwa ufupi na kwa kasi. Moja au mbili zinatosha, kisha pumzika tena. Kikohozi kimoja cha mwisho kinaruhusiwa, maana hapo makohozi yako mlangoni.

Kinachoharibika mara nyingi ni koo. Ukisikia sauti ya kukwaruza, koo limefunga nusu, na unaumiza nyuzi za sauti bure. Kata kipande cha kiini kigumu cha karatasi ya chooni, kishike kwa meno na midomo, upulize kupitia hapo. Mdomo hautaweza kufunga na koo litaufuata. Kwa watoto njia hiyo huzaa matunda kuliko maelezo marefu.

Mzunguko mzima unarudiwa kwa dakika 10 hadi 20. Acha ukipuliza mizunguko miwili mfululizo na kifua kikasikika kikavu, au ukichoka. Ikizidi nusu saa, uchovu unaoingia unazidi faida. Bora ugawe, asubuhi na jioni. Asubuhi ndiyo muhimu, kwa sababu usiku kucha ute umetuama, na ifanyike kabla ya chai. Ukishakula, subiri saa moja na nusu hadi mbili, la sivyo utatapika. Jioni fanya mapema, si ukiwa umeshapanda kitandani, kwani makohozi yaliyoanza kusogea yatakukosesha usingizi.

Tema kwenye kopo lenye kifuniko. Kopo linaficha aibu, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kukuonyesha kiasi na rangi. Kila mmoja ana kawaida yake: wengine vijiko viwili vya chai vya ute mweupe, wengine robo kikombe cha manjano kila siku iendayo kwa Mungu. Ukiijua kawaida yako, utajua ilipovunjika. Mabadiliko matatu au zaidi yakidumu siku mbili, kwa mfano makohozi yameongezeka, yamekuwa mazito au ya kijani, pumzi imepungua, uchovu umezidi, hapo ni daktari na pengine antibiotiki. Usiongeze mazoezi ukitumaini yatatosha. Mimina chooni, kopo lioshwe kwa sabuni na maji ya moto.

Kuhusu mkao, jua kwanza ugonjwa wako uko wapi, na picha ya eksirei itakuambia. TB hupenda sehemu ya juu ya mapafu, na hapo kuna afueni: ukikaa wima, makohozi yanashuka yenyewe kuelekea njia kubwa, ndiyo maana wenye makovu ya juu pekee mara nyingi wana kikohozi kikavu. Kwao kukaa kunatosha, pengine kuinama mbele kidogo juu ya mto au kuegemea nyuma. Aliyeharibika chini anahitaji kulala ubavu, upande mbovu ukiwa juu, dakika 10 hivi, akifanya mzunguko uleule. Zamani ilisisitizwa kichwa kiwe chini sana, miguu ya kitanda ikiinuliwa kwa matofali. Kwa watu wengi kulala bapa kunaleta matokeo yasiyopishana sana na hayo, tena bila kiungulia. Mwenye presha isiyotulia, moyo dhaifu, kiungulia, mimba, au aliyetema damu, asiweke kichwa chini kabisa. Kupigwapigwa mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kunamfaa mgonjwa asiyeweza kufuata maelekezo. Anayeweza kupuliza mwenyewe hapati nyongeza kubwa, na mpigaji huchoka mapema. Kama lazima, ipigwe juu ya nguo, pembeni mwa mbavu, kamwe si juu ya uti wa mgongo wala kiunoni zilipo figo.

Sasa chupa. Hiki ni kifaa cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa, na ndicho kinachokosewa kuliko vyote. Wazo lake ni kupuliza dhidi ya maji, ili presha ndogo ibaki ndani ya njia za hewa na kuzizuia zisijibane wakati wa kutoa pumzi. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Tafuta mpira unaopitisha mwanga, ule mafundi ujenzi wanaopimia usawa wa msingi kwa maji. Maduka ya vifaa vya ujenzi wanaukata kwa mita. Uwazi wa ndani uwe milimita 8 hadi 10. Kama huna rula, kalamu ya wino ya kawaida ikiingia bila kulazimishwa, unafaa. Kata kiasi cha sentimita 50. Tia maji safi hadi kina cha sentimita 13, shusha mpira hadi ncha yake isimame sentimita 3 juu ya kitako, ufunge kwa uzi shingoni usicheze. Hapo una sentimita 10 za maji juu ya ncha, na hizo ndizo presha yako.

Wengi hutumia mrija wa soda au mpira wa dripu kwa kuwa unapatikana. Ni mwembamba, unakaba hewa, na presha inapanda juu ya ile ya kina cha maji bila wewe kuijua. Kifua kinachoka na kichwa kinauma. Wengine, kwa usafi, hutoboa kifuniko, hupitisha mpira na kuziba kwa gundi. Hewa inayoingia sasa haina pa kutokea. Mdomo wa chupa uachwe wazi, au kifuniko kiwe na tundu la pili lisilopungua upana wa mpira. Na kujaza maji mpaka juu kwa kudhani uzito zaidi ni dawa zaidi kunamwaga maji mezani na kukuumiza.

Weka chupa mezani, wewe ukae wima. Vuta pumzi kwa pua, kubwa kidogo kuliko ya kawaida, shika sekunde mbili au tatu, kisha puliza kwenye mpira taratibu ili mapovu yatoke mfululizo kwa sekunde tatu, nne au zaidi. Mashavu yasivimbe. Usivute pumzi kupitia mpira hata kidogo, utanywa maji hayo kwa mapafu. Pumzi kumi, kisha mipulizo miwili ya koo wazi, kisha pumzika. Rudia mara tatu hadi sita kulingana na unachopata. Maji yamwagwe kila ukimaliza, chupa na mpira vioshwe kwa sabuni, mpira uning'inizwe ukauke kabisa, na ukionekana na utelezi ndani utupwe. Kifua kibovu hakihitaji kupulizia bwawa la bakteria. Asiitumie anayetema damu, aliyewahi kutoboka pafu, aliyefanyiwa upasuaji wa kifua karibuni, wala mwenye maumivu ya sikio. Kabla ya kuanza, mtaalamu wa fiziotherapia akuone ukipuliza angalau mara moja. Hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, wapo, na hospitali za mkoa, Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha, ni mahali pa kuulizia. Dakika chache za kuangaliwa zinaokoa miezi ya kukosea.

Makohozi yakitoka, linabaki suala la nguvu. Mtu aliyeogopa kuhema huacha kutembea, misuli ya mapaja inayeyuka, na misuli dhaifu inataka hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo anahema zaidi. Mazoezi hayafungui makovu ya pafu. Yanafanya miguu itosheke na hewa iliyopo. Mpango unaoeleweka ni wiki sita hadi nane, siku tatu kwa wiki au zaidi, ukianzia dakika 10 na kupanda hadi 20 au 30. Kipimo ni kuhema kwako mwenyewe kutoka sifuri hadi kumi: lenga tatu au nne. Uweze kusema sentensi fupi, usiweze kuimba. Ukiwa chini ya hapo unatalii, ukizidi hapo kesho hutatoka.

Miji yetu ina mteremko, na hilo lipangwe. Moshi inapanda kutoka Pasua kuelekea KCMC. Arusha inapanda kuelekea Meru. Anza kwa kupanda ukiwa na nguvu, urudi ukiteremka. Anayeanza kwa kuteremka hufurahi, kisha hukwama na kuishia kwenye bodaboda. Asiyetaka kilima azunguke uwanja wa mpira wa shule. Mzunguko mmoja ni kama mita 300. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Anayehamia kutoka pwani asishangae kuhema kwa wiki za mwanzo, lakini midomo ikigeuka bluu, hilo si suala la kuzoea, aende akapimwe oksijeni.

Siku za mvua kuna kiti: inuka na ukae bila kushika kwa mikono, mara 10, pumzika, rudia mara mbili. Kwa mikono, chupa ya nusu lita iliyojaa ni nusu kilo, ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Inua mara 8 hadi 12, ukitoa pumzi wakati wa kuinua. Sheria hiyo ya kutoa pumzi kwenye uzito ihamie jikoni na bombani. Ndoo ya lita 20 igawe mbili.

Ukibanwa pumzi njiani, usikimbilie kulala. Simama, egemea ukuta au kaa na viwiko juu ya magoti, vuta kwa pua ukihesabu mbili, toa kwa midomo iliyobanwa ukihesabu nne. Inachukua dakika chache.

Moshi wa kuni unabomoa yote haya. Kupika mbege, pombe ya ndizi, ni saa nyingi za kuchemsha ndizi juu ya moto, na anayepika ndiye mara nyingi mwenye kifua. Kuni zikauke kweli, jiko liwe nje au chini ya paa lisilo na kuta, na mpishi akae upande upepo unakotokea. Mwezi wa saba, baridi ya Arusha ikikaza, watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Usifanye hivyo, uwe na kifua kizima au kibovu. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini. Mahindi yenye ukungu na kinyesi cha kuku vishughulikiwe na mtu mwingine, kwa sababu mbegu za ukungu hupenda kuota ndani ya mashimo yaliyoachwa na TB.

Nyungu, yaani kujifukiza mvuke chini ya blanketi, naijua ina wapenzi, hasa tangu 2020. Inalegeza pua, na mtu akisikia nafuu siwezi kumkatalia. Ila mvuke hauondoi makohozi yaliyo chini, na sufuria inayopinduka chini ya blanketi huunguza vibaya. Maziwa nayo yanasingiziwa. Yanafanya mate yawe mazito mdomoni, lakini hayaongezi makohozi mapafuni, na mtu aliyekonda akiyaacha anapoteza chakula bora cha bei nafuu. Mtori, mayai, dagaa, maharage na maziwa virudi mezani.

Damu ina utaratibu wake. Michirizi midogo kwenye makohozi: acha kutumia chupa, mipulizo mikali na kulala kichwa chini, uonane na daktari siku hiyo. Ikiwa ni damu tupu ya kujaza vijiko kadhaa au zaidi, lala ubavu kwa upande ulio mgonjwa ili pafu zima lisizamishwe, na upelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana.

Mwisho kuna jambo la vipimo. Mwenye kifua cha namna hii akienda mahali asipojulikana, kikohozi chake na makovu ya kwenye picha vinafanana na TB mpya, na wapo wanaoanzishiwa dozi upya bila kuwa na ugonjwa. Kipimo cha GeneXpert kinatafuta chembe za urithi za kimelea, na chembe za vimelea vilivyokufa zinaweza kuonekana hata miaka kadhaa baada ya kupona. Sema wazi kwamba uliwahi kutibiwa na mwaka gani, kisha uombe: "Daktari, naomba makohozi yangu yaoteshwe." Majibu ya kuotesha huchukua wiki kadhaa, hadi sita au nane, na ndiyo yanayotofautisha kimelea hai na mfu. TB kurudi kweli kunatokea, kwa hiyo usikatae kupimwa, na daktari akiona hali haisubiri akaanza dawa, zimeze huku majibu yakingojwa. Kinachosaidia kuliko maneno ni picha ya eksirei ya siku ulipomaliza dozi: kovu ambalo halijabadilika tangu hapo linaonekana papo hapo zikiwekwa pamoja. Itunze bapa kwenye bahasha ngumu, usiikunje, na uipige picha kwa simu ikiwa imebandikwa kwenye kioo cha dirisha mchana, tarehe ikisomeka.